Vikombe vitatu vya namba 4: viskomita ipi itakubaliana na ya mteja wako?

Chukua mafuta ya mashine yenye mnato (ukinzani wa kutiririka) wa sentistoki 98, yabaki kwenye joto lile lile muda wote, kisha yapitishe kwenye vikombe vitatu ambavyo madukani vyote huitwa "namba 4". Kwenye Ford 4 yatakatika baada ya sekunde 30. Kwenye kikombe cha ISO cha milimita 4 yatachukua sekunde 74 hivi. Kwenye DIN 4 ya Wajerumani, sekunde 25 na kidogo. Wala hakuna kikombe kibovu hapo. Tundu la Ford 4 lina kipenyo cha milimita 4.12. La ISO na la DIN yote ni milimita 4, ila mrija wa ISO una urefu wa milimita 20 na wa DIN milimita 4 tu, na huo urefu ndio unaokula muda. Kwa hiyo mtengenezaji wa vanishi anayeandika kwenye kopo "ongeza thina hadi sekunde 25, kikombe namba 4" hajamwambia fundi kitu.

Tathmini hii inavitazama viskomita, yaani vifaa vya kupima mnato, kwa swali moja: namba yake unaweza kuipeleka kwenye maabara nyingine ikasimama? Usahihi wa kwenye katalogi ni jambo jingine. Viskomita inaweza kurudia jibu lake mara 20 bila kuyumba, na bado isielewane na ya mteja aliye mtaa wa pili. Tunaowalenga ni wenye viwanda vidogo na vya kati vya rangi, gundi, sabuni ya maji, sosi na vilainishi, wanaotaka kununua kifaa cha kwanza au kumaliza ugomvi kati ya viwili walivyonavyo.

Vikombe vya mtiririko

Ni rahisi, havitaki umeme na haviharibiki ovyo. Zahn, kile chenye mpini mrefu wa waya, ni cha kuchovya kwenye ndoo pale pale kwenye mashine ya kuchapa au kwenye bunduki ya kupulizia rangi. Hubeba mililita 44 hivi. Kizamishe, kiache kipate joto la rangi, kinyanyue kwa mkupuo mmoja. Saa inaanza pale ukingo wa juu unapoachana na uso wa rangi, na inasimama uzi wa rangi unapokatika mara ya kwanza chini ya tundu, si pale tone la mwisho linapodondoka. Watu wawili wakitofautiana sekunde 3, mara nyingi sababu ni hapo: mmoja amesubiri matone.

Ford na ISO huwekwa kwenye stendi yenye pima maji. Unaziba tundu kwa kidole, unajaza hadi ifurike, unapitisha kipande cha kioo juu ya ukingo ili ujazo uwe ule ule kila mara, kisha unaachia. Chagua tundu litakalokupa kati ya sekunde 30 na 100 kwa ISO, kati ya 20 na 100 kwa Ford. Chini ya hapo jibu linaelemea kwenye kasi ya mkono wako kuliko kwenye mnato.

Kubadili sekunde kuwa sentistoki kuna fomula zake:

Ford 4: 3.85 × (t − 4.49)
ISO 4 mm: 1.37 × t − 200 ÷ t
DIN 4: 4.57 × t − 452 ÷ t
Zahn 2: 3.5 × (t − 14)

Mafuta yetu ya sentistoki 98 yangetoka kwenye Zahn 2 kwa sekunde 42. Ukitaka sentipozi, zidisha sentistoki kwa msongamano: vanishi ya gramu 1.2 kwa mililita yenye sentistoki 98 ni sentipozi 118. Wengi huruka hatua hii, wakashangaa kikombe na mashine ya kuzungusha vinapishana kwa asilimia 20, wakati pishano lote ni msongamano. Sentipozi na milipaskali-sekunde (mPa·s), kwa anayesoma vyeti vya nje, ni kitu kimoja kwa majina mawili.

Angalia pia joto lililoandikwa kwenye kiwango. Ford husomwa kwa nyuzi 25, ISO 2431 kwa nyuzi 23. Nyuzi mbili zinaonekana kama mchezo, lakini gliserini safi hushuka kutoka sentipozi 1,400 hivi kwenye nyuzi 20 hadi karibu 950 kwenye nyuzi 25. Piga hesabu mwenyewe kila nyuzi moja inabeba asilimia ngapi.

Hukumu yetu: vikombe vinafaa kwa vanishi, wino mwepesi, rangi iliyokwisha kutiwa thina, na mafuta. Kwa rangi ya maji ya ukutani ambayo bado nzito, kwa sosi, kwa losheni, usivitumie hata kidogo. Vitu hivyo hukataa kutiririka kwa uzito wake vyenyewe, uzi unakatika mapema, na fomula za hapo juu hazina maana tena.

Krebs

Viwanda vya rangi za ukutani huongea kwa "KU", vizio vya Krebs. Kifaa ni kasia la chuma linalozunguka kwa mizunguko 200 kwa dakika ndani ya kopo la nusu lita. Cha zamani, Stormer, kilitumia mizani ya mawe: unaongeza uzito mpaka kasia litimize mizunguko 100 kwa sekunde 30. Cha siku hizi kinasoma msokoto na kukupa KU moja kwa moja.

Tunakipenda kwa sababu hakiachi nafasi ya kuchagua. Kasia ni moja, kasi ni moja, kopo ni moja. Maabara mbili zenye Krebs zikibishana, tatizo ni joto, au rangi haikukorogwa sawasawa, au kopo halikujazwa hadi pale panapotakiwa (sentimita 2 hivi chini ya ukingo). Ubaya wake ni huo huo uzuri wake: unapata nukta moja tu. Rangi mbili zikisoma KU 100, moja inaweza kuwa nzito chini ya rola na nyingine ikateleza kama maji, kwa kuwa rola na brashi huisukuma rangi kwa kasi kubwa mno kuliko kasia lile. Jedwali la kubadili KU kuwa sentipozi lipo, na hata skrini ya mashine itakuonyesha. Liamini kwa mafuta. Kwa rangi ni pambo.

Mashine za kuzungusha: LV, RV na NDJ

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, basi tukae kidogo.

Springi inashika spindo (fimbo au kisahani kinachozunguka ndani ya kimiminika), mota inazungusha, kimiminika kinakaza, springi inajipinda, na kujipinda kwake, yaani msokoto, kunasomwa kwa asilimia 0 hadi 100. Asilimia hiyo ikizidishwa na kigezo cha spindo na kasi inakuwa sentipozi. Brookfield, watengenezaji wa mashine hizi, wana springi za nguvu mbalimbali. Zinazoonekana sana ni LV, ya dyne-sentimita 673.7, na RV, ya 7,187, yaani ngumu zaidi kwa karibu mara 11. LV ni ya vitu vyepesi, RV ya vya wastani. Spindo zao pia hazifanani: za LV nyembamba kama fimbo, za RV nyingi ni visahani.

Vigezo ni hivi, N ikiwa mizunguko kwa dakika. LV: spindo 1 ni 60/N, spindo 2 ni 300/N, spindo 3 ni 1,200/N, spindo 4 ni 6,000/N. RV: spindo 2 ni 400/N, 3 ni 1,000/N, 4 ni 2,000/N, 5 ni 4,000/N, 6 ni 10,000/N, 7 ni 40,000/N.

Sasa zitazame NDJ-1 na NDJ-5S, mashine za Kichina za bei ya chini ambazo viwanda vingi vidogo huanza nazo. Zina rota nne (ndilo jina lao la spindo) na kasi nne: mizunguko 6, 12, 30 na 60. Jedwali la NDJ-1 linasema rota 1 kwa mizunguko 60 ni kigezo 1, rota 2 ni 5, rota 3 ni 20, rota 4 ni 100. Linganisha na vigezo vya LV hapo juu: ni vile vile. Kwa hiyo NDJ inaweza kuzungumza na LV, mradi mtumie namba moja ya spindo na kasi moja, na mafuta ya ugezi (mafuta ya kuhakikia mashine, ambayo mnato wake unajulikana) yakithibitisha kwamba rota zimechongwa sawasawa.

Na RV? Hapo lugha ni mbili. RV ya mshale (isiyo ya dijitali) ina kasi 0.5, 1, 2.5, 5, 10, 20, 50 na 100. LV ya mshale ina 0.3, 0.6, 1.5, 3, 6, 12, 30 na 60. Hakuna hata kasi moja inayokutana. Mteja akiandika kwenye mkataba "sentipozi 2,400, RV spindo 3, mizunguko 20" na wewe una NDJ-5S, huwezi kumjibu kwa kipimo chake. Rota 3 kwa mizunguko 30 itakuonyesha namba fulani, na kama bidhaa ni mafuta namba hiyo itakaribia 2,400. Kama ni rangi, gundi ya maji au tomato sosi, itakuwa nyingine, na mashine zote mbili zitakuwa zimesema kweli.

Sababu ni kwamba vitu hivi hulegea kadiri vinavyokorogwa kwa kasi. Rangi ambayo mnato wake hushuka kwa kipeuo cha pili cha kasi itasoma 3,160 kwa mizunguko 6 na 1,000 kwa mizunguko 60, spindo ile ile, kopo lile lile. Ndiyo maana maabara za rangi huandika namba zote mbili na kugawanya moja kwa nyingine: 3.16 hapo ni kipimo cha ulegevu, na kwa anayepaka rangi kinaeleza mengi kuliko namba yoyote peke yake. Ongeza muda: baadhi ya vitu huendelea kulegea dakika nzima spindo ikizunguka, vikitulia vinarudi. Bila kuandika umesoma kwenye sekunde ya 15 au ya 60, umeandika nusu ya jibu.

Jambo linalofuata husahaulika kwa sababu katalogi huliandika kwa herufi ndogo. Usahihi wa asilimia 1 ni wa kipimo chote, si wa namba unayoisoma. RV spindo 3 kwa mizunguko 20 ina kigezo 50, kwa hiyo kipimo chote ni sentipozi 5,000 na kosa linaloruhusiwa ni 50 popote mshale ulipo. Ukisoma 4,500, hiyo 50 ni kama asilimia 1. Ukisoma 500, ni asilimia 10. Usisome chini ya msokoto wa asilimia 10. Ukiweza, kaa kati ya 30 na 90, ubadilishe spindo kwanza kabla ya kuhangaika na kasi.

Kufunga spindo bila kuharibu mashine

Skrubu ya spindo ni ya kushoto. Inua shafti kidogo kwa vidole vya mkono mmoja, ishike isizunguke, kisha funga spindo kwa mkono mwingine ukiipeleka kushoto. Asiyejua huikaza kwa nguvu upande wa kawaida huku shafti ikining'inia, na mzigo wote unashukia kwenye ncha nyembamba ya chuma iliyokaa juu ya kito (kijiwe kigumu kinachoibeba). Ncha ikiliwa, mashine haisemi kitu. Inaanza tu kusoma ovyo kwenye vitu vyepesi.

Kuijua ni rahisi. Weka mashine sawa, kiputo katikati ya pima maji, mota imezimwa, spindo haijagusa kitu. Sukuma shafti kwa kidole mpaka isome 5 au 10, achia. Inatakiwa ibembee taratibu na kutulia kwenye 0. Ikigota njiani au ikitulia kwenye 0.7, usiendelee, ipeleke kwa fundi.

Spindo za kisahani hubeba hewa chini yake. Zizamishe zikiwa zimelala upande, zungusha kidogo mpaka kiputo kitoke, ndipo uziinue wima na kuzifunga. Uso wa kimiminika ufike katikati ya mfereji uliochongwa kwenye shingo ya spindo, si juu yake wala chini yake. Usihamishe mashine ikiwa na spindo.

Bika iwe ya mililita 600, ile fupi pana. Mguu wa kinga, utepe wa chuma wenye umbo la U, ni sehemu ya ugezi wa kiwandani na si kinga tu, hasa kwa spindo kubwa, namba 1 na 2. Ukiuvua, utasoma chini. Ukitumia bika nyembamba, utasoma juu, kwa kuwa ukuta umesogea. Wapo wanaofanya yote mawili kwa pamoja na kupata jibu "zuri", basi wanadhani wamepatia.

Kuhusu joto: mililita 500 za rangi kutoka ghala la Dar es Salaam au Mombasa haziwi nyuzi 25 kwa kukaa robo saa chini ya kiyoyozi. Ukingo wa bika utapoa, katikati pabaki nyuzi 29. Weka bika kwenye bafu ya maji, koroga polepole, pima ndani ya sampuli yenyewe, na uzime kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja juu ya meza. Sabuni ya maji ina shida zaidi hapa. Mnato wake unatokana na chumvi iliyoongezwa kwenye SLES (kiungo chake cha kutoa povu) na hubadilika sana na joto, tena huwa na kilele: ukipita kiwango fulani cha chumvi, inaanza kuwa nyepesi. Anayepima ikiwa bado vuguvugu ataiona nyepesi, ataongeza chumvi, na asubuhi ataikuta ama imeganda ama imekuwa maji.

Kama unahitaji namba inayosafiri

Tatizo la spindo za kisahani na fimbo kwenye bika ni kwamba kasi ya mkato, yaani jinsi tabaka moja la kimiminika linavyoteleza juu ya jingine, haiko moja kwa kila sehemu. Kiambatisho cha sampuli ndogo kinamaliza hilo: silinda ndani ya silinda, nafasi ya katikati inajulikana. Spindo SC4-21 hutoa mkato wa 0.93 mara mizunguko, SC4-18 hutoa 1.32 mara mizunguko, iwe juu ya LV au RV. Mizunguko 50 ya SC4-21 ni mkato wa 46.5 kwa sekunde, na anayetumia koni CP-52 (koni inayozunguka juu ya sahani bapa), ambayo hutoa 2.0 mara mizunguko, ataufikia kwa mizunguko 23. Hapo maabara mbili zenye mashine tofauti kabisa zinapima kitu kimoja.

Koni ni nzuri kwa sampuli za nusu mililita au moja na joto lake linadhibitika haraka, ila pengo la ncha ni milimita 0.013. Rangi yenye chokaa au kaolini isiyosagwa vizuri itakwama hapo, namba itapanda, na koni itachubuka. Kwa rangi za kawaida za ukutani tungechukua silinda.

Mirija ya kioo

Ubbelohde na Cannon-Fenske ndio waamuzi wa mafuta. Muda mara namba ya mrija ni sentistoki: mrija wa 0.015 ukipitisha kwa sekunde 400, mafuta ni sentistoki 6. Muda usiwe chini ya sekunde 200, na bafu isiyumbe zaidi ya nyuzi 0.02. Anayeuza mafuta ya haidroliki ya VG 46 lazima awe nayo, maana daraja hilo ni sentistoki 41.4 hadi 50.6 kwenye nyuzi 40, na hakuna kikombe kitakachokubainishia mpaka huo. Kwa rangi na sosi ni kupoteza pesa.

Kuzipatanisha

Anza na mafuta ya ugezi yenye cheti, si bidhaa yako. Mafuta hayabadiliki na kasi, kwa hiyo kifaa chochote kizima kinapaswa kukupa namba ya kwenye chupa. Ruhusa ni asilimia 1 ya kipimo chote jumlisha asilimia 1 ya mafuta yenyewe. Mafuta ya 4,900, RV spindo 3, mizunguko 10: kipimo chote 10,000, ruhusa 100 + 49. Kati ya 4,751 na 5,049 umepita. Usijaribu kuokoa pesa kwa gliserini ya dukani. Hunyonya unyevu wa hewa, na kwa hewa ya pwani chupa iliyofunguliwa mara chache haina tena mnato unaoujua. Na kama wewe ni wa rangi, nunua mafuta ya ugezi ya madini, si ya silikoni. Silikoni kidogo tu iliyobaki kwenye spindo au kitambaa ikiingia kwenye rangi inaleta yale mashimo ya macho ya samaki ukutani, na utayatafuta chanzo wiki nzima.

Vifaa vikishapita kwa mafuta, tofauti yoyote inayobaki kwenye bidhaa ni ya bidhaa. Hapo pima bechi kadhaa za aina moja kwa vifaa vyote viwili, chora mstari, na uutumie kwa aina hiyo peke yake. Mstari wa rangi ya maji hauhamii kwenye rangi ya mafuta. Ukibadilisha kizito (kiungo kinachoifanya rangi iwe nzito), hata kama KU imebaki pale pale, chora upya.

Na kila namba iandikwe hivi: 2,400 mPa·s, RV spindo 3, mizunguko 20, nyuzi 25, bika 600, mguu wa kinga umo, sekunde 60, msokoto asilimia 48. Msokoto ukikosekana, mwenzako hawezi kujua kama ulisoma katikati ya kipimo au pembezoni.

Tununue nini

Kiwanda cha sabuni ya maji au gundi kinachoanza: NDJ-5S inatosha, ukinunua pamoja na chupa mbili za mafuta ya ugezi. Bila chupa hizo, usinunue. Kiwanda cha rangi za ukutani: Krebs kwanza, kisha RV kwa mizunguko ya chini. Wachapaji na wapiga vanishi: ISO au Zahn, na namba kamili ya kikombe iandikwe kwenye kila kopo. Wenye wateja wa nje wanaodai RV kwenye mkataba hawana njia ya mkato, wanunue RV.

Mashine za mshale za mtumba kutoka Marekani ni nzuri na hudumu miaka mingi, lakini soma kibao cha nyuma kabla ya kulipa. Mota zake hufuata mawimbi ya umeme. Iliyotengenezwa kwa hezi 60, ikichomekwa kwenye hezi 50 za kwetu, inazunguka kwa tano ya sita (5/6) tu ya kasi iliyoandikwa, kumaanisha mafuta ya 600 yatasoma 500. Transfoma ya volti 110 haibadilishi hezi. Bandika kipande cha utepe kwenye spindo, weka kasi ya 12, hesabu kwa dakika moja: ukipata 10, umeshajua.